Hewa ya Tangi la Tatu

Nduku hakuingia katika ofisi ya Wayua kumshtaki mtu. Alikuja kuuliza kama kuna dawa ya kumlaza mwanamume aliyekataa kulala.

Wanawake hao wawili walijuana kwa kusali jumuiya moja kule Mumbuni. Wayua alikuwa mkaguzi wa viwanda, mtu wa serikali, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja mjini Machakos. Kazi yake ilikuwa kuingia mahali watu wanapofanyia kazi na kutazama ni kitu gani kinaweza kuwadhuru, kama ni vumbi, au kelele, au mvuke wenye sumu. Lakini kule jumuiyani watu walisikia tu kwamba anashughulika na magonjwa ya kazini, wakamhesabu kuwa nusu daktari. Hata mtoto akiumwa na jino walimuuliza yeye.

"Mimi si daktari, Mama Mumo," alimwambia Nduku. "Lakini keti. Baba Mumo ana nini?"

Nduku aliketi ukingoni mwa kiti, kama mtu asiyetaka kukichafua, akaeleza. Mvua za El Niño zilipopungua, Laban mumewe alipata kibarua katika depo moja ya mafuta upande wa Athi River. Maji yalikuwa yameingia kwenye matangi ya petroli, ikabidi yafunguliwe na tope lililotuama chini likwanguliwe kwa mikono. Tangi la kwanza likaisha, la pili likaisha. Tangu hapo Laban halali.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Anatembea kwa nyumba mpaka kuche. Anaongea na ukuta. Jana alisukuma Mumo, na wewe unajua Baba Mumo hajawahi kuinulia mtoto mkono." Nduku alitazama mlango, akashusha sauti kana kwamba anataja aibu. "Na anasema iko unywele kwa mdomo yake. Anavuta, anavuta, haitoki. Nimeangalia na tochi. Hakuna kitu."

Wayua aliweka kalamu chini.

Alipokuwa chuoni, mwalimu mmoja mzee aliwasimulia darasani habari za petroli inayotiwa madini ya risasi ili injini isigonge. Katika nchi za mbali, alisema, watu waliokwangua matangi ya petroli hiyo walianza kwa kukosa usingizi, halafu wakaona wadudu wasiokuwapo, na baadhi yao walilalamika kwamba wana unywele mdomoni. Darasa zima lilicheka. Wayua naye alicheka. Na karibu petroli yote iliyouzwa nchini miaka ile ilikuwa ya namna hiyohiyo.

Alifunga ofisi, wakaondoka pamoja.

Walimkuta Laban ameketi juani mbele ya nyumba, amevaa sweta mbili, anatetemeka. Alikuwa mtu mpole, mwimbaji wa sauti nzito kanisani, na alimsalimia Wayua kwa heshima yake ya siku zote. Alimuuliza habari za wazazi wake, akauliza kama mahindi yao yamestahimili ile mvua. Kwa muda mfupi Wayua alianza kufikiri labda Nduku ametia chumvi. Halafu Laban akaanza kupangusa mkono wake wa kushoto, taratibu, kama anayepangusa siafu, na akaendelea kupangusa huku akizungumza. Ulimi wake ulikuwa mwekundu, umechubuka kwa kucha.

"Dada Wayua, wewe umesoma," alisema. "Nitolee hii unywele. Hawa wa nyumbani wanaogopa."

Wayua alimshika kifundo cha mkono. Mpigo wa damu ulikuwa wa polepole, na ngozi baridi kama chungu cha maji.

"Baba Mumo, huko ndani ya tangi mlikuwa mnavaa nini?"

"Gambuti. Na kitambaa hapa." Alionyesha pua. "Harufu inakuwa mingi asubuhi, lakini unazoea. Sasa niambie, Jumatatu tunaingia tangi ya tatu. Nitakuwa nimepona? Wasije wakapatia mtu mwingine nafasi yangu."

Nyuma ya nyumba, ovaroli yake ilikuwa imelowekwa kwenye karai, na maji yake yalikuwa na utando wa rangi ya kutu. Nduku alikuwa ameifua mara mbili na haijatakata. Wayua alimwambia aiache, anawe mikono kwa sabuni, na nguo ile aitoe kabisa pale nyumbani. Nduku hakuuliza kwa nini. Alikuwa mwanamke wa kutii, na jambo hilo baadaye lilimponza.

Siku hiyohiyo walimpeleka Laban hospitali. Daktari aliyewapokea alikuwa kijana, macho yake mekundu kwa uchovu, lakini alimsikiliza Wayua mpaka mwisho, na hilo halikuwa jambo dogo.

"Ninakuamini," alimwambia. "Lakini hapa naweza kupima malaria, naweza kupima taifodi. Risasi siwezi. Mkojo wake nitautuma Nairobi. Na hata wakisema ni risasi, dawa yake sina. Nitampa ya kumtuliza, tuone."

Malaria haikuonekana, wala taifodi. Walimlaza.

Kesho yake asubuhi Wayua alikwenda depo. Msimamizi, Bwana Bartholomew, alimpokea kwa adabu nyingi, akaagiza chai na mandazi, akamsikitikia Laban kwa maneno yaliyotoka moyoni. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Kangundo, na mkewe aliwahi kuimba na Laban katika mashindano ya kwaya. Wayua angependa kumchukia, lakini hakupata pa kuanzia.

"Hakuna mtu anaingia tangi langu bila kupimwa hewa," alisema, na akatoa kipimo chenyewe, kifaa cha manjano kilichotunzwa vizuri katika mkoba wa ngozi. "Mshale ukifika hapa, tunafunga. Haujawahi kufika."

"Hicho kinapima kama hewa inaweza kulipuka, Bwana Bartholomew. Hakipimi kama inaweza kuua mtu taratibu. Risasi kiasi kidogo sana kinatosha, na mshale huo hautacheza hata kidogo. Na sumu yenyewe imo kwenye tope. Wanapolikwangua ndipo inapotoka."

Bartholomew alikitazama kifaa kama mtu aliyeambiwa kwamba mbwa wake haoni. Kisha akakirudisha mkobani.

"Mimi hapa nasimamia matangi," alisema. "Wale vibarua ni wa kontrakta. Wesley, wa Nairobi. Mavazi ni yake, watu ni wake. Ongea na yeye. Na kama una vipimo vinavyosema hewa yangu ni mbaya, nionyeshe, nitafunga mwenyewe leo."

"Sina vipimo bado."

"Basi njoo upime, Madam. Hatuna la kuficha."

Alimruhusu atembee popote. Wayua aliwakuta vibarua chini ya tangi la tatu, wakifungua nati za mlango wa duara ulio karibu na ardhi, mdogo kiasi kwamba mtu huingia kwa kutambaa. Hawangoji tena Jumatatu, walimwambia. Wesley anataka kazi iishe mapema. Mlango ulipofunguka, harufu ilitoka ikamshika koo na machozi yakamlenga. Wanaume wale walicheka kidogo, si kwa ubaya.

Aliyekuwa kama nyapara wao aliitwa Onesmus, mtu mnene mwenye sauti ya mzaha. Wayua aliwaeleza yote: Laban, usingizi, wadudu, unywele. Aliwaambia wasiingie. Walimsikiliza, sepetu zimeegemea mabega.

"Madam," Onesmus alisema, "Laban alikuwa na maneno ya kwao. Hiyo kila mtu anajua, ndugu zake wanasumbuana kwa shamba. Sisi tuko sawa. Mimi nalala kama mtoto."

Alipokuwa akisema hivyo, aliingiza vidole viwili mdomoni, akavuta kitu kisichoonekana, akakipangusia kwenye suruali. Hakuonekana kujua kwamba amefanya hivyo. Wenzake waliona, na kila mmoja akatazama upande wake.

"Onesmus, umetoa nini mdomoni?"

"Mimi? Hakuna."

Kisha akalala kifudifudi, akatambaa, akapotea ndani ya tangi. Mmoja baada ya mwingine wakamfuata. Wayua alisimama pale akisikiliza sepetu zikikwaruza chuma, na hakuna sheria aliyokuwa nayo mkononi ya kumvuta hata mmoja kwa miguu amrudishe nje.

Sheria ilikuwepo, lakini ilipitia kwa hakimu, na kwa hakimu ilitaka ushahidi. Alimpigia simu mkubwa wake Nairobi.

"Unywele mdomoni?" mkubwa alisema. "Wayua, wewe unataka nisimame mbele ya mahakama niseme unywele? Kampuni kama ile ina mawakili. Bila vipimo, hayo ni maneno tu."

"Nitumie pampu na mirija ya kunasa hewa basi. Leo."

"Pampu iko kwa matengenezo. Mirija imeagizwa. Vuta subira."

Alimtafuta Wesley. Simu iliita bila kupokewa; na ilipopokewa, mwanamke mmoja alisema bwana yuko Mombasa. Aliandika kwa depo amri ya kusimamisha kazi, akijua haina nguvu bila mahakama, na Bartholomew akamjibu kwa upole kwamba ameipokea na ameipeleka kwa kontrakta. Aliendesha pikipiki ya ofisi mpaka lango la depo kila alipopata petroli ya kutosha, na mara nyingine alicheka peke yake njiani, kicheko kisicho na raha, kwa kuwaza kwamba pikipiki yenyewe inachoma petroli ileile ya risasi.

Laban hakutulia. Dawa zilimlaza saa chache, akaamka akipigana. Alimng'ata muuguzi. Alisema chini ya kitanda kuna maji ya petroli yanapanda, akamwomba Nduku awapandishe watoto juu ya kabati. Mwishowe alipelekwa Nairobi, katika hospitali ya wagonjwa wa akili, amefungwa mikono kwa shuka. Nduku alikwenda naye. Wayua aliwasindikiza mpaka gari likatoka getini, akasema "Mungu yuko," na neno lenyewe likawa jepesi mdomoni mwake.

Baada ya siku chache habari zikaja kwamba Laban amefariki. Kule Nairobi daktari aliandika homa ya uti wa mgongo. Mkojo uliotumwa maabara haukupimwa. Mashine, walisema, ilikuwa imeharibika, na sampuli ilikaa hata ikaharibika nayo. Yule daktari kijana wa Machakos ndiye aliyempa Wayua habari hiyo.

Na wiki hiyohiyo pampu ikaja.

Wayua alijua imechelewa. Tangi la tatu lilikuwa limekwisha kukwanguliwa, likaoshwa kwa maji ya shinikizo, likaachwa wazi juani, na sasa ndani yake palikuwa pananukia rangi mpya. Kupima hewa yake wakati huo kulikuwa sawa na kupima homa ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Alimwambia mkubwa wake hivyo.

"Uliomba vifaa, umepewa," mkubwa alijibu. "Usipopima, watasema ulitoa tuhuma ukaogopa kuzithibitisha. Nenda upime."

Akaenda akapima. Alifanya kila kitu kama alivyofundishwa, pampu kiunoni, mrija begani karibu na pua, akatambaa kupitia ule mlango wa duara na kukaa ndani ya tangi lile tupu kama kanisa siku ya kazi. Hakuna kilichonukia ila rangi. Majibu yalirudi kutoka maabara yakisema kile alichokijua: hakuna risasi iliyoonekana. Bwana Bartholomew alimshukuru kwa kazi nzuri.

Mazishi yalikuwa nyumbani kwa kina Laban, ng'ambo ya Tala. Depo ilitoa lori la kubeba waombolezaji na magunia ya mchele, na Bartholomew mwenyewe alikuja, akakaa na wazee, kofia magotini. Wayua alimkuta Nduku jikoni, si penye kiti cha mjane. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani kama vitu alivyoachiwa amtunzie mtu.

"Wanasema ni mimi," alisema Nduku.

"Wanasema nini?"

"Kaloki, kaka yake, amewaambia watu nilimwekea mume wangu kitu kwa chakula. Wanauliza mbona nilichoma nguo zake akiwa bado mzima. Jirani aliniona nikichoma."

"Mimi nilikuambia uitoe nyumbani."

"Nikaichoma ndio watoto wasiiguse. Niliwaambia ni wewe ulisema. Wanasema nakutafuta nijifiche nyuma yako."

Kabla ya jeneza kutolewa, familia ilikaa kando, na Wayua akaomba nafasi azungumze. Kaloki, kaka mkubwa wa Laban, alimpa kwa staha, kwa kuwa alikuwa mtu wa serikali. Kaloki hakuwa mtu wa kelele. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia, na mtu yeyote angeona kwamba alimpenda mdogo wake.

Wayua alisema yaliyokuwa moyoni, kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kikamba, ili wazee wasikie. Alisema Laban hakulogwa wala hakulishwa kitu. Alisema kilichomuua ni risasi iliyokuwa ndani ya petroli.

Mzee mmoja, ami yake Laban, aliinua kichwa. "Alipigwa risasi?"

"Hapana, mzee. Si ya bunduki. Ni madini. Jina ni moja tu."

"Nani alimpiga?"

Watu wakanong'onezana, na minong'ono ikapita nje kwa akina mama, na huko nje tayari ikawa Laban alipigwa risasi kule Nairobi. Ilibidi Wayua aanze upya. Alieleza habari za tope, mvuke unaopenya pua na ngozi, jinsi unavyopanda kichwani. Alieleza hata habari ya unywele. Alipoitaja, Nduku, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliinamisha uso.

Kaloki alisikiliza yote. Kisha akauliza, bila hasira:

"Madam, wewe ndiye serikali imeweka kupima hii hewa?"

"Ndiyo."

"Ulienda kupima?"

"Nilikwenda."

"Ukapata hiyo risasi?"

Wayua alimtazama Bartholomew. Bartholomew alikuwa anatazama kofia yake.

"Nilipima wakati tangi limekwisha kuoshwa," Wayua alisema.

"Nauliza ulipata ama hukupata."

"Sikupata."

Kaloki alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetumaini jibu jingine. "Na wale wengine walioingia na yeye. Wamekufa?"

"Wako wagonjwa. Onesmus..." Lakini alikuwa amemwendea Onesmus juzi, akamsihi aje aseme. Onesmus alimjibu kupitia dirisha kwamba yeye hana shida, kwamba Wesley amewaahidi kazi nyingine huko Nakuru. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekesha. Hakufungua mlango.

"Hakuna aliyekufa," alisema Wayua.

"Basi," alisema Kaloki. Akasimama, na mazishi yakaendelea.

Nduku hakuruhusiwa kutupa udongo kaburini. Kabla ya mwezi kuisha alikuwa amerudi kwao Ndithini na wanawe. Vile vyombo vya Mumbuni, Kaloki alikuja akavichukua mwenyewe, kitanda, redio, hata lile karai.

Wayua aliendelea na kazi. Aliandika tena na tena akiomba vibarua wa matangi wapimwe damu kabla na baada, na wapewe hewa ya bomba wanapokuwa ndani. Majibu yalikuwa ya heshima. Alipokwenda depo tena alimkuta msimamizi mwingine, ambaye alimwonyesha kwamba kila kitu kiko sawa, na akataja kwamba mkaguzi wa serikali aliwahi kupima akakuta hewa ni safi. Hakujua mkaguzi mwenyewe ndiye anayezungumza naye. Wayua hakumwambia.

Msimu wa mbaazi alifunga safari kwenda Ndithini. Njia ilikuwa mbaya, akafika adhuhuri na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nduku alikuwa kivulini mwa nyumba ya mama yake, ungo magotini, anapukuchua mbaazi. Alikuwa amekonda. Alisimama, wakakumbatiana, akamletea kigoda na maji ya kunywa. Wayua naye akachukua konzi ya maganda, akaanza kupukuchua, kwa sababu mikono ilihitaji kazi.

Walizungumza habari za watoto. Mumo ameanza shule hapo jirani. Mdogo anakohoa kidogo. Mvua si haba.

Kisha Nduku akasema, bila kuinua macho:

"Dada Wayua, wewe uko na hakika?"

"Ya nini?"

"Ya ile risasi." Aliendelea kupukuchua. "Maana watu wakisema kitu moja kila siku, unaanza kukaa ukifikiria. Mimi nakaa hapa nahesabu nilimpikia nini. Isio. Ugali na sukuma. Kuna siku nilipika uyoga, hiyo wiki ya mvua, mama mmoja aliniuzia sokoni. Labda haikuwa mzuri."

"Si uyoga, Mama Mumo. Hata ninyi mlikula."

"Tulikula kidogo. Yeye alikula mingi."

"Ilikuwa ni tangi. Naapa mbele ya Mungu ilikuwa ni tangi."

Nduku alimtazama, na uso wake ulikuwa wa huruma, kana kwamba Wayua ndiye aliyefiwa.

"Lakini wewe ulipima," alisema.

Wayua alifungua kinywa kueleza tena habari ya maji ya shinikizo na rangi mpya, akaona jinsi maneno hayo yatakavyosikika, pale juani, kwa mtu aliyekwisha kuyasikia. Akakifunga. Mama yake Nduku aliita kutoka jikoni kwamba chakula ki tayari. Nduku alipepeta ule ungo mara moja, maganda yakaruka, akazimimina mbaazi kwenye gunia, kisha akajipangusa mikono na kumkaribisha mgeni ndani.